Nywele Zake

Bi Unywele hakuwa mtu wa hasira. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, tena kwa sauti iliyosikika hadi ghorofa ya chini. Waliomtia hasira ni watu. Watu na bahasha zao zilizobandikwa gundi kila upande, watu na simu zao za "imefikia wapi", watu na ile tabia ya kusukuma mlango wa maabara kwa kiwiko, kikombe cha chai mkononi, ilhali mlango huohuo umeandikwa kwa wino mwekundu kwamba chai haiingii humu.

Jina la Bi Unywele alipewa na wenzake kazini. Mwanzoni alilichukia, baadaye akalizoea, mwishowe akawa anaitika. Kazi yake ilikuwa kumtambua mtu kwa unywele mkavu, usio na mzizi, ule ambao wenzake wa chumba cha vinasaba wakiuona huuweka kando kwa sababu hauna kitu kwao. Yeye aliuosha, akauyeyusha, kisha akaupitisha kwenye mashine kubwa yenye kelele iliyosoma protini zake. "Protini za nywele tunazo sote," aliwaeleza polisi, mahakimu na mama mkwe wake, "lakini kila mwili una namna yake ya kuziandika. Chukulia jina moja tu: huyu analiandika kwa herufi hii, yule kwa herufi ile. Ukizikusanya tofauti hizo zikawa nyingi, umempata mwenyewe." Polisi walitikisa vichwa, mahakimu waliandika, mama mkwe aliuliza kama mashine hiyo inatibu mba.

Kilichokuwa mezani kwake safari hii kilitoka kwenye shimo la zamani la kuchimbia kokoto. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, na maji yalipopungua yakaonekana mabaki ya mwanamke. Yalikuwa yamekaa humo zaidi ya mwaka, na mifupa imeharibika kiasi kwamba wenzake wa vinasaba walihangaika nayo mpaka wakainua mikono. Kilichobaki cha maana kilikuwa kishungi kidogo cha nywele fupi zilizosokotana, zimejaa udongo. Nywele hazina haraka ya kuoza, ndiyo sababu aliletewa yeye.

Polisi walikuwa na jina moja tu la kuanzia. Kulikuwa na msichana muuza simu dukani, aliyeondoka nyumbani asubuhi moja asirudi tena. Mtaani walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Ndugu wa damu hakuwa naye hata mmoja aliyejulikana. Aliyemlea tangu mchanga ni mama mmoja mshona mapazia, ambaye hakumzaa, kwa hiyo damu yake isingesaidia kitu maabara. Alichokuwa nacho cha kutoa ni chanuo la binti. Alilileta limefungwa kwenye kitambaa cheupe, nywele ndefu zimejiviringisha kwenye meno yake, na Bi Unywele akampokea mwenyewe dirishani.

"Hizi ni nywele zake?"

"Zake, daktari."

"Mimi si daktari, mama. Una hakika? Hakuna mwingine aliyetumia chanuo hili? Wewe? Marafiki zake?"

"Nani aguse kitu cha Chiriku! Angemtoa roho. Ni zake mwenyewe, zake peke yake."

Bi Unywele akaandika kwenye bahasha: nywele zake. Mama akatia sahihi.

Tangu hapo mama yule akahamia kwenye benchi la koridoni. Alikuja kila asubuhi na mkoba wake, akakaa, akauweka mkoba mapajani, na kila Bi Unywele alipopita aliuliza kwa sauti ya chini, "Vipi, daktari?" Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Mtu anayepiga kelele unaweza kumjibu kwa kelele mkamalizana. Lakini huyu alikuwa akiuliza kama anayeomba radhi, na Bi Unywele akajikuta anazunguka kupitia ngazi za nyuma, umri wote ule, anamkwepa mtu kazini kwake mwenyewe.

Mashine nayo ikachagua wiki hiyo kuleta vituko. Aliyeitunza ni mzee mmoja aliyebakiza muda mfupi astaafu, ambaye wote walimwita Fundi, na aliyeizungumzia mashine ile kwa upole ambao mkewe, ilisemekana, hakuwahi kuuonja. Bi Unywele alitayarisha nywele za chanuo, Fundi akazipitisha, na majibu yakatoka yamechanganyika. Herufi hii ya mtu mmoja, ile ya mwingine, na nyingine isiyoelekea kuwa ya wote wawili.

"Ulivaa glavu?" Bi Unywele aliuliza.

"Nilivaa."

"Mpya?"

"Bi Unywele, mimi nimeanza kuvaa glavu wewe bado unavalishwa nepi."

"Basi hawa watu watatu kwenye chanuo moja wametokea wapi? Wameruka dirisha?"

"Kwa nini unaniuliza mimi? Chanuo si langu. Nitazame." Fundi akainamisha kichwa chake chenye upara unaong'aa mpaka kisogoni. "Mimi nitachafua nywele za watu kwa kitu gani?"

"Kwa mikono, Fundi. Kwa mikono!"

Hawakusemeshana mpaka jioni. Siku iliyofuata Bi Unywele aliosha kila kitu upya, vyombo, meza, hata kitasa cha mlango, na safari hii akachagua unywele mmoja tu, mrefu kuliko yote, mnyoofu na safi. Huo ulikuwa utaratibu wake wa siku zote: unywele mrefu una protini nyingi, na mashine hushiba. Vipande vifupi aliviacha kwenye bahasha. Hadubini wala hakuigusa. Tangu ile mashine kubwa iletwe, hadubini ilikuwa imefunikwa plastiki kwenye kona, juu yake pameegeshwa kalenda, kwa kuwa kutazama unywele kwa jicho kulihesabiwa mambo ya kizamani. Na picha ya Chiriku ilikuwa kwenye jalada, binti anacheka, nywele ndefu nyoofu zimemwagika mabegani. Chanuo lilikuwa na nywele ndefu nyoofu. Nani ajiulize zaidi ya hapo? Zile za shimoni zilikuwa fupi, lakini maji na matope ya mwaka mzima yanakata hata kamba.

Mashine ikatoa mtu mmoja, wazi, bila mchanganyiko. Wakamlinganisha na yule wa shimoni. Hawakufanana hata kwa kuazima.

"Na wale wengine wa jana?" Fundi aliuliza.

"Wale ni mikono yako."

Simu ikalia. Alikuwa Mpelelezi, kijana wa polisi mwenye jalada la kesi, ambaye tangu Jumatatu alikuwa akipiga mara asubuhi, mara mchana. Alisema hataki somo la protini, anataka ndiyo au hapana. Kabla hajakata, Mkuu wa maabara akachungulia mlangoni, kikombe cha chai mkononi, akasema kwamba hata yeye angependa kujua, ndiyo au hapana. Bi Unywele akawaambia hapana. Aliandika ripoti, akaisaini, Mkuu akagonga mhuri, na wote wakapumua.

Kumwambia mama haikuwa kazi yake. Kwa utaratibu ni polisi wanaomwita mhusika. Lakini alitoka akamkuta kwenye benchi, mkoba mapajani, mdomo unajiandaa kwa ile "vipi" yake, na uvumilivu ukamwishia.

"Siyo yeye, mama. Yule wa shimoni si mwanao. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Siyo yeye?"

"Siyo."

"Siyo Chiriku?"

"Siyo, mama!"

Mama akasimama. Akalipiga benchi kofi ambalo liliwatoa watu maofisini. "Mshenzi mkubwa!" akapaza sauti. "Mwaka mzima nalia! Mwaka mzima nimekonda, nimekuwa kama ufagio, kumbe bibie yuko huko anakula maisha! Simu hapigi! Salamu haleti! Ngoja arudi. Ngoja tu akanyage mlango wangu!" Machozi yalikuwa yanamtiririka na huku anacheka, anatukana na anacheka, akashuka ngazi mbio, akarudi kuuchukua mkoba aliousahau, akashuka tena. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Bi Unywele alirudi mezani akiwa amechangamka. Hata Fundi alimsalimia.

Ikapita wiki. Halafu, asubuhi moja ya siku ya kazi, bomba la bafuni kwake likaziba.

Alikuwa na sabuni usoni, maji yamemfika vifundoni, na saa haimsubiri. Binti yake, aliyekuwa chuo na aliyeamini kwamba mabafu hujisafisha yenyewe, alikuwa chumbani anaimba.

"Njoo hapa uondoe nywele zako!" Bi Unywele alifoka. "Kila siku nywele zako! Nywele zako zitatuzamisha humu ndani!"

"Nakuja, mama!" Lakini wimbo ukaendelea.

Akainama mwenyewe, akiguna, akaingiza vidole kwenye tundu na kuvuta. Kikatoka kifundo kirefu, cheusi, kinachoteleza, kikazidi kutoka na kutoka. "Zako hizi, zako," akawa anasema kwa meno yaliyobanwa, na mkono ukasita hewani. Kichwa cha binti yule yeye ndiye aliyekisuka tangu utotoni, amekalia kigoda, mtoto katikati ya magoti analia. Nywele zake zilikuwa ngumu, zimejikunja, na hazikuwahi kushuka chini ya sikio. Hizi alizozishika hazikuota kwenye kichwa kile hata siku moja. Zilitoka kwenye pakiti. Na bado alikuwa amesema zako, na binti angeulizwa angejibu zangu, na asingekuwa ameongopa.

Akakaa kwenye ukingo wa beseni, sabuni ikimwingia machoni. Nywele za kushonea. Nywele za watu kweli, zimekusanywa vichwani mwa wasiojulikana, zikachanganywa, zikanyooshwa, zikafungwa fungu moja na kuuzwa dukani. Watu watatu kwenye chanuo moja. Alikuwa ameulizwa na mashine yenyewe, akamtukana mzee wa watu.

Alifika kazini sabuni bado iko nyuma ya sikio. Fundi alikuwa anaifuta mashine.

"Fundi, ile mikono yako."

"Imefanya nini tena?"

"Haikufanya kitu."

Fundi akaendelea kufuta. "Hiyo nayo ungeiandika," alisema, "upige na mhuri."

Bi Unywele aliondoa kalenda, akavua plastiki ya hadubini, akautazama unywele mrefu. Ilimchukua muda mfupi wa kuaibisha. Yale magamba madogomadogo yanayokuwapo juu ya unywele wa mtu hayakuwapo. Yalikuwa yamelambwa na dawa ya kiwandani, na juu yake kumepakwa kitu cha kung'arisha. Mwanafunzi angeona. Yeye mwenyewe angeona, kama angetazama. Kisha akaifungua ile bahasha na kumwaga vilivyobaki. Chini kabisa, vilivyokuwa vimekwama kwenye mashina ya meno ya chanuo, kulikuwa na vipande vifupi, vimejikunja, vya pembeni mwa kichwa, pale ambapo nywele za mtu mwenyewe huchomoza nje ya zile zilizoshonewa. Ndivyo alivyoviacha kwa kuwa mashine isingeshiba.

Walivikusanya vyote, wakavitayarisha kwa uangalifu ambao ungetosha kuzaa mtoto, na safari hii Fundi alinyoosha mikono yake yenye glavu mbele ya uso wa Bi Unywele kabla ya kugusa chochote. Mashine ikanguruma mpaka adhuhuri. Majibu yalipotoka Bi Unywele aliyasoma akiwa amesimama, herufi kwa herufi, pamoja na yale ya shimoni. Yalikubaliana yote.

Mkuu alipoambiwa alikiweka kikombe chini, jambo ambalo hajawahi kuonekana akilifanya.

"Ripoti imeshatoka! Ina mhuri!"

"Itoke nyingine."

"Tutaonekanaje?"

"Tutaonekana tulivyo, Mkuu."

"Sawa, sawa. Andika, tuwapelekee polisi, wao wamjulishe huyo mama. Ndio utaratibu."

"Polisi hawakumwambia siyo yeye," Bi Unywele alisema. "Nilimwambia mimi."

Njia nzima alikuwa akigomba peke yake. Aligomba na Mkuu, na Mpelelezi, na wenye maduka ya nywele, na lugha yenyewe ambayo kitu ukikinunua ni chako na kikiota mwilini mwako ni chako, neno lilelile. Mwisho akabaki na wa kugomba naye mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa akitembea.

Aliisikia sauti ya mama kabla hajaiona nyumba. Uani, godoro lilikuwa limeegeshwa ukutani juani, na mama analicharaza kwa fimbo, vumbi linapaa.

"Godoro limeota ukungu, kwa nani? Kwa bibie! Mapazia nimeshona mapya, kwa nani? Kwa bibie! Na atakuja hapa atasema rangi hii haipendi!" Akageuka. "Aa, daktari! Karibu!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Umenikuta na vita vyangu. Maneno yake nimeshayaweka tayari, nitamwambia yote kabla hajavua viatu. Hana adabu yule, hana! Unamlea mtu, unamvusha surua, unamvusha shule, anakuaga asubuhi kama anakwenda dukani, kumbe ndiyo imetoka! Hata simu? Nitamwambia, hata simu?" Alikuwa amenenepa kidogo. Uso uling'aa kwa jasho na kwa ile hasira tamu.

"Mama, zile nywele za kwenye chanuo."

"Zina nini?"

"Ziliota kichwani mwake?"

Mama akamtazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza mlango uko wapi akiwa ameegemea mlango. "Ziote? Zile za kushonea, mwanangu. Alinunua mwenyewe. Akizifumua anaziweka mezani, anazichana, anaziosha, anazianika. Mtu asiziguse. Hata asubuhi ile aliziacha kwenye kamba."

"Nilikuuliza kama ni zake."

"Nami nikakujibu. Ni zake. Za nani tena?"

Bi Unywele alitamani kuwe na wa kumlaumu pale uani, na hakumwona. "Kwenye chanuo lile kulikuwa na nywele nyingine," alisema. "Fupi. Hizo ndizo zilizoota kichwani mwake, na hizo ndizo nilizotakiwa kupima tangu mwanzo. Nimezipima leo. Yule wa shimoni ni yeye, mama. Nilikosea. Ni Chiriku."

Fimbo ilikuwa imeinuliwa. Ilishuka polepole mpaka ikagusa chini, na mama akaiegemea. Hakulia. Alilitazama godoro, akalipangusa vumbi kwa kiganja, mahali palepale, mara nyingi.

"Wiki nzima nimemtukana," alisema.

"Mama..."

"Nimemwita mshenzi. Nimemwita hana shukrani. Naamka namtukana, nawasha jiko namtukana. Nilikuwa na furaha, hujui. Mwaka mzima nalia sikuweza kumsema hata neno moja baya. Utamsemaje vibaya mtu ambaye labda amekufa? Uliponiambia siyo yeye ndipo mdomo ukafunguka." Akaacha kupangusa. "Sasa nitamgombeza nani?"

Bi Unywele, mtu ambaye maishani hakuwahi kukosa jibu, alilitafuta na kupata moja tu.

"Nigombeze mimi."

Mama akainua macho. "Wewe," alianza, sauti ikiwa bado chini. "Wewe umesoma kiasi gani usijue nywele za dukani? Watoto wa shule wanazijua. Wewe una macho ya nini?"

"Ndiyo, mama."

"Unaniambia nenda nyumbani ukapumzike! Nipumzike!"

"Ndiyo, mama."

Sauti ikapanda. Jua lilikuwa kali na Bi Unywele hakusogea kivulini. Mama alimwambia hana makini, hana huruma, ana haraka kama anafukuzwa. Alimwambia mambo mengi, yote ya haki. Halafu akamwambia hali chakula akashiba, anakula kama ndege, anatoka bila sweta. Akamwambia anacheka na kila mtu njiani, ameambiwa mara ngapi asicheke na kila mtu. Fimbo ilikuwa imeanguka na mama ameshika mikono ya Bi Unywele, anaitikisa.

"Na simu! Simu unauza wewe mwenyewe dukani, kutwa unazishika, ukashindwa kunipigia hata moja? Hata moja?"

"Nisamehe, mama," alisema Bi Unywele.